Pigo la Nne

Wiki mbili kabla ya uzinduzi wa CD, Nakhungu alikuwa Kanduyi kando ya barabara, ameshika kiatu cha mtumba alichotaka kumnunulia mama yake, wakati spika ya muuza kanda wa upande wa pili ilipoanza kupiga wimbo alioujua kuliko mtu yeyote duniani. Aliujua kwa sababu besi ile ilikuwa ya vidole vyake. Dum, dum, dum. Kisha, mahali palipopaswa kuwa kimya, sauti ya mwanamume ikapasuka: "Brammo!"

Akadhani CD ina kasoro. Akasikiliza tena. Dum, dum, dum. "Brammo!"

Wimbo ule ukaisha, ukaingia mwingine, mwimbaji mwingine na maneno mengine, lakini ridimu ile ile, besi na ngoma zile zile, na Brammo yule yule. Muuza viatu akamwuliza, "Auntie, unachukua hiyo ama unaitafutia mchumba?" Nakhungu akakirudisha kiatu, akaenda kutafuta gari la Kitale. Hakuwa amekuja mjini na hasira, ila sasa alikuwa nayo ya kutosha watu kumi.

Asiyejua mahindi hataielewa hasira hii, kwa hiyo turudi nyuma kidogo.

Moi's Bridge kuna mashine za kupukuchua mahindi, lakini kuna pia wenye mashamba ambao mashine kwao ni anasa na mgongo wa mtu ni bure. Kwa watu hao mahindi hupigwa kwa fimbo. Yaliyokauka humwagwa ndani ya uzio wa fito, wapigaji wanne wakauzunguka, na kazi ikaanza. Hawapigi wote kwa pamoja, maana fimbo zitagongana na mtu atapoteza jicho. Hupiga kwa zamu, wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha wa kwanza tena, na zamu ikishawakolea hakuna anayehesabu.

Nabwile, mama yake Nakhungu, alitoka Sirisia akiwa mjane mwenye watoto wawili, na kwa fimbo ile akawalisha. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Wa pili ni jirani yao Chepkemei, wa tatu Nakhungu, na wa nne Kizito, kaka mkubwa wa Nakhungu, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mkono mzito na kicheko chepesi. Kabla ya kazi Nabwile aliita majina, na kila aliyeitwa alijibu kwa pigo moja. "Chepkemei!" Pa. "Nakhungu!" Pa. "Kizito!" Kizito alipiga hadi punje zikaruka nje ya uzio, kisha akacheka, na mama yake akamtukana kwa upendo.

Mwaka wa tisini na nane Kizito alipelekwa na mwenye shamba kupakua magunia katika ghala. Yalikuwa yamepangwa gunia juu ya gunia hadi karibu na mabati, bila kizuizi chochote, kwa sababu kizuizi ni mbao, na mbao zina kazi nyingine. Yakamwangukia. Mwenye shamba alitoa lori la kupeleka mwili Sirisia na gunia moja la mahindi la matanga, na kaburini akasimama akasema ni mapenzi ya Mungu. Kana kwamba Mungu ndiye aliyekuja na ngazi kupanga yale magunia. Waombolezaji wakaitikia amina, na Nakhungu aliyekuwa na miaka kumi na saba akaikumbuka kila sura iliyoitikia.

Walipozika walirudi kazini, maana tumbo halikai matanga. Walikuwa watatu. Nabwile akaita majina yote, la Kizito likiwemo, akangoja kadiri pigo moja linavyochukua, kisha kazi ikaanza. Pa, pa, pa, kimya. Pa, pa, pa, kimya. Nyapara akaja mbio akiuliza kwa nini wanazembea. Waongeze mtu wa nne, ama wasogee waifunge ile nafasi.

"Hapo kuna mtu," Nabwile akasema, bila kuinua macho.

Hakusema zaidi siku hiyo wala siku nyingine. Wengine waliwacheka, wengine waliwafukuza kazi, na mzee mmoja aliwaambia wanaroga mahindi yake. Wao walipiga hivyo hivyo kwa miaka saba. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Besi Nakhungu alijifunza kanisani. Mpigaji wa zamani alipohamia Eldoret, gitaa likabaki limeegemea ukuta, na yeye akaliokota wakati wanaume walikuwa bado kwenye kikao cha kujadili nani alipige. Vidole vilivyozoea fimbo havikuziogopa zile nyuzi nene. Tatizo lilikuwa moja tu. Kila alipoachia mkono utembee wenyewe, ulipiga mara tatu na kuruka ya nne. Mwalimu wa kwaya alimkemea mpaka akachoka. "Dada, unaangusha wimbo wa Bwana kwenye shimo!" Nakhungu aliomba radhi, Jumapili iliyofuata akauangusha tena.

Aliyeupenda ule mruko alikuwa Zulekha. Zulekha alikuwa na duka la kanda Kitale, hatua chache kutoka msikitini, na nyuma ya duka alikuwa na chumba cha kurekodia, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isivuje. Nakhungu alikwenda kununua uzi wa gitaa, akaujaribu papo hapo, na Zulekha akaacha kumhudumia mteja aliyekuwa kaunta.

"Rudia."

Akarudia.

"Hapo katikati usijaze kitu, mwenzangu," Zulekha akasema. "Mtu akikwambia ujaze, mwambie akuje kwangu."

Ni katika chumba hicho ndipo Bramwel alipomkuta, mwaka wa 2005. Bramwel alikuwa produza, kijana wa Bungoma mjini, kofia ya kusokotwa, maneno mengi, na tuseme ukweli, masikio mazuri. Alikuwa na ndoto ya kufanya kama wafanyavyo Jamaika, ridimu moja tu, waimbaji kumi na mmoja, kila mmoja aipandie na wimbo wake, wote kwenye CD moja. Waimbaji alikuwa nao. Ridimu hakuwa nayo. Alipoisikia ya Nakhungu alipiga goti lake kofi.

"Hiyo pengo iko tamu bana! Uliitoa wapi?"

Na Nakhungu akamwambia. Hapo ndipo anapojilaumu hadi leo. Jambo ambalo hakuwahi kumsimulia pasta wala mwanamume aliyetaka kumwoa, alimsimulia Bramwel, lote, kuanzia majina yanayoitwa asubuhi hadi yale magunia. Bramwel alivua kofia. Alivua kofia akaiweka kifuani, akaapa kwamba katika pengo lile hata ngoma haitalia, hata kinanda. Tena kwa kuwa CD za namna hiyo humalizika kwa ridimu ikiwa uchi, bila mwimbaji, akaahidi kwamba ya kumi na mbili itakuwa besi na ngoma peke yake, na itaitwa Kizito.

Mwezi mzima waimbaji wakaja mmoja mmoja. Kulikuwa na aliyemsifu Jah, na aliyewalaani polisi, na Cheruiyot wa Kitale aliyemlilia mke aliyemtoroka na fundi wa redio. Mwanzoni wote walijikwaa penye pengo. Baadaye wakagundua ni mahali pazuri pa kuvuta pumzi. Nakhungu alikaa kwenye kona akiwasikiliza, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Walikuwa wageni kumi na mmoja nyumba moja, na hakuna hata mmoja aliyekalia kiti cha Kizito. Akaenda kumwambia mama yake kwamba siku ya uzinduzi atamsikia mwanawe mbele ya watu, na Nabwile akawatangazia wapigaji wote wa Moi's Bridge.

Sasa mnajua ni kitu gani kilichokuwa kikipiga kelele Kanduyi.

Alimkuta Bramwel dukani kwa Zulekha akipanga CD mezani. Kwenye jalada kuliandikwa kwa herufi nyekundu, "Brammo Ridimu." Nakhungu hakusalimia.

"Ni nini hiyo umeweka pale?"

"Nakhungu! Mulembe! Umeisikia? Iko moto, ama?"

"Nimekuuliza ni nini umeweka pale."

Bramwel akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Si ni jina tu. Kila produza ako na jina yake kwa kazi yake. Watu wa Nairobi wataiba hii kitu, unajua hivyo. Nikiiweka mwanzo wataikata. Nikiiweka juu ya ngoma wataifunika. Lakini pale kwa pengo hakuna kitu ingine, hawawezi kuitoa. Ni akili tu, siyo ubaya."

Kilichomchoma Nakhungu zaidi ni kwamba hoja yenyewe ilikuwa na mantiki. Alikuwa amepaona mahali pekee palipo wazi, akajenga.

"Na ya kumi na mbili?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza wataiba."

"Ulivua kofia, Bramwel."

"Nilivua, na nilimaanisha. Lakini dada, sikiza. Maiti haiibiwi. Ni sisi wazima tunaibiwa."

Nakhungu aliokota CD ya juu akaivunja kwenye kona ya meza. Akaokota ya pili. Zulekha akamshika viganja kwa nyuma, si kumtetea Bramwel, bali kwa sababu kipande cha plastiki kilikuwa tayari kimemkata.

"Hasira hasara," Bramwel akasema, akizivuta zilizobaki upande wake.

"Hasara ya nani?" Nakhungu akafoka. "Mimi nilishapata yangu! Hapo kuna mtu! Nilikuambia hapo kuna mtu!"

Wateja wawili wakatoka polepole. Zulekha akamfunga kidole kwa kitambaa, kisha akamgeukia Bramwel akamwambia azitoe zile CD kwenye meza yake, kwani katika duka hilo haitauzwa hata moja. Bramwel akasema Kitale ina maduka mengine, na ni kweli ilikuwa nayo. Zilikuwa zimeshatengenezwa mia tano. Kwenye kompyuta alikuwa amepaka jina juu ya kila kitu, na ile rekodi safi ya mwanzo alishaifuta.

Kilichobaki ni uzinduzi wenyewe. Bramwel alimhitaji, kwa sababu watu hawakuamini kwamba besi ile imepigwa na mwanamke, naye alitaka waone kwa macho. Nakhungu alitamani kumwambia akapande jukwaani na kofia yake. Lakini mama yake alishaazima rinda. Chepkemei alishaomba ruhusa kazini. Wapigaji wanane walishakubaliana gari moja. Angewaambia nini, kwamba nafasi waliyoilinda kwa miaka saba kwa kufukuzwa na kuitwa wachawi, yeye aliigawa katika mwezi mmoja?

Akaweka sharti. Ya kumi na mbili ipigwe mubashara, besi na ngoma tu, bila CD, bila lile jina kwenye mashine. Bramwel akakubali haraka mno.

Jumamosi ile uwanja wa Kanduyi ulijaa mapema. Jua lilikuwa kali, waendesha baiskeli waliegesha baiskeli zao hadi kwenye uzio, na Nabwile alikuwa mstari wa mbele katika kiti cha plastiki, fimbo yake ya kazi magotini, maana alikataa kuiacha nyumbani. Waimbaji wakapanda mmoja mmoja, CD ikipigwa nyuma yao. Kwa wiki mbili wimbo ulikuwa umezunguka mjini, na watu walishaujua ulipo utamu wake. Dum, dum, dum, na uwanja mzima ukanguruma, "Brammo!" Watoto mabegani mwa baba zao, "Brammo!" Mama wa karanga, "Brammo!" Mara kumi na moja, nyimbo kumi na moja.

Nakhungu akashuka kumwona mama yake kabla ya zamu yake. Nabwile alikuwa ameinamisha uso.

"Nakhungu," akasema, "ni nani huyo amekaa pale?"

"Mayi, ngoja. Ya mwisho ni yetu. Ya mwisho itakuwa sawa."

Akapanda. Akaunganisha gitaa. Mpiga ngoma akamwitikia kwa kichwa. Dum, dum, dum.

"Brammo!"

Bramwel alikuwa ametoka nyuma ya pazia na maikrofoni mkononi, akaja akasimama kulia kwake kabisa, bega kwa bega. Mashine hazikusema jina, sharti lilitimizwa. Alilisema kwa mdomo wake. Alimkonyeza jicho, akawapungia watu mkono ili mara ya pili wasaidiane naye. Dum, dum, dum. "BRAMMO!"

Pale chini Nabwile akashika fimbo, akaanza kuinuka aende zake.

Nakhungu hakupanga lolote. Wanaosema alipanga hawajawahi kukasirika. Alipiga moja, akapiga mbili, akapiga tatu, na Bramwel alipofungua mdomo, mkono ule ule uliotoka kwenye uzi ukamwendea ukamziba mdomo kwa kofi zima, pa, meno kwa kiganja. Kisha ukarudi kwenye besi. Dum, dum, dum. Pa. Ukarudi. Bramwel akajaribu kusogea, lakini nyuma yake kulikuwa na spika na mbele kulikuwa na watu elfu moja wakimwangalia.

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Dum, dum, dum, na kijana mmoja karibu na jukwaa akamziba mwenzake mdomo. Mwenzake akamziba mwingine. Mchezo ukapita kama moto wa makapi, mstari kwa mstari, hadi kule kwenye baiskeli, kila mtu na kiganja chake kwenye mdomo wake au wa jirani. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kupiga kelele akiwa amezibwa, pakawa kimya. Dum, dum, dum, kimya. Kimya cha watu elfu moja, hadi bendera za jukwaani zikasikika zikipepea. Wapigaji wa Moi's Bridge hawakuziba mdomo. Wao walisimama tu, kama wanavyosimama kazini.

Dakika tatu nzima walikwenda hivyo. Bramwel, mjanja asiyekosa pa kutokea, alipoona watu wamependa, akaacha kupambana, akawa anauleta mdomo mwenyewe, na mwisho akainama kupokea makofi kana kwamba alikuwa amemfundisha Nakhungu. Watu wakapiga miluzi. "Wamefanya mazoezi hao!" mtu akasema. Ndivyo inavyosimuliwa Bungoma hadi leo, na mpaka leo CD ile ikipigwa harusini, jina likikaribia, watu huziba midomo na kucheka, wasijue wanamnyamazia nani. Bramwel huwaambia ni wazo lake.

Nakhungu alishuka akilia, na hakuwa analia kwa furaha. Alikuwa na hasira na Bramwel, na zile CD mia tano zilizokwisha kutengenezwa, na watu waliogeuza kifo cha ndugu yake kuwa kichekesho, na mdomo wake mwenyewe uliosimulia kisichosimuliwa. Kiganja chake kilikuwa na mate ya mtu. Alikuwa akikipangusa kwenye sketi alipofika mbele ya mama yake.

"Lete huo mkono," Nabwile akasema.

Akaufungua, akaukagua kama alivyoukagua kila jioni kutafuta malengelenge. Akapapasa mahali meno yalipoacha alama. Chepkemei alikuwa kando yao, ameshika kiti.

"Mayi, unisamehe. Walidhani ni mchezo."

"Wacha wadhani." Nabwile bado alikuwa ameuangalia ule mkono. "Mara mbili umechelewa. Ile ya kwanza, na ile ulipoangalia huku kwangu."

"Nimechelewa nini, Mayi?"

"Kupiga ile ya nne. Wewe zamu yako ni ya tatu, hukuzoea hii ingine." Akaukunja mkono wa binti yake akamrudishia. "Kizito hakuwa anachelewa."

Jumatatu asubuhi walikuwa kazini, kwa mmoja wa wale wasiotaka mashine. Nabwile akasimama penye uzio akaita. "Chepkemei!" Pa. "Nakhungu!" Nakhungu akapiga kwa hasira yote aliyokuwa nayo, punje zikaruka nje.

"Kizito!"

Nabwile akangoja. Kisha, bila kumtazama binti yake, akasema, "Si ndugu yako anakuita umjibie?" Nakhungu akainua fimbo mara ya pili, akapiga pigo la nne.